Mzigo Mwepesi

Mama mmoja anayeuza chai na maandazi nje ya banda umiza pale Ziba hajawahi kuitazama Taifa Stars hata kwa dakika moja, lakini matokeo anayajua kabla mtangazaji hajayatamka. Anayasikia kwenye mabati. Yakipigwa mateke na ngumi kwa pamoja, tumefunga. Yakinyamaza ghafla, tumefungwa. Yakilia ngumi mojamoja, kila mtu na wakati wake, mtu wetu amekosa bao la wazi. Jumapili ya tarehe 4 Januari 2026 alisikia mlio ambao hakuwa ameuzoea: watu walisimama wote, wakapiga ukelele wa neno moja, wakaendelea na neno hilohilo hadi mechi ikaisha, na hata walipotoka kuja kwenye chai yake walitoka nalo mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa "penalti".

Nilikuwa mmoja wao. Buku yangu ya kiingilio ilikuwa imeshaliwa, koo limenikauka, na nilikuwa tayari kuapa mbele ya mtu yeyote, hakimu au shehe, kwamba tumeonewa.

Kwa asiyepajua, Ziba iko Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora. Januari kwetu si mwezi wa kukaa barazani. Mpunga unapandikizwa majarubani, pamba inataka palizi, na mahindi ukiyapa kisogo wiki moja unakuta magugu yameyameza. Watu walifika bandani na tope hadi magotini, wengine na jembe begani, wakayaegemeza majembe mlangoni kama watu wanavyoacha viatu nje ya msikiti. Mechi ilianza saa moja usiku kwa saa zetu. Mwenye banda alikuwa ameazima jenereta tangu asubuhi, akisema umeme ukikatika usiku ule hatabakiwa na benchi hata moja.

Tulicheza na Morocco, kwao, Rabat, kwenye Uwanja wa Prince Moulay Abdellah, hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwenye orodha ya FIFA wenyeji walikuwa wa 11 duniani, sisi wa 112. Kati yao na sisi yalikuwa yamepangwa mataifa mia moja kamili. Halafu ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kuvuka makundi ya mashindano hayo, kwa hiyo nusu ya furaha tulikuwa tumeshaila kabla mpira haujaanza, na nusu iliyobaki tulikuwa tunaitafuna polepole, kwa hofu, kadiri dakika zilivyokwenda na ubao ukisoma sifuri kwa sifuri. Dakika ya 64 Achraf Hakimi akampenyezea mpira Brahim Díaz. Díaz akapiga kutoka pembe finyu, mpira ukapita kati ya kipa wetu na nguzo ya karibu. Mabati yakanyamaza.

Kisha dakika za nyongeza. Iddi Selemani, tunayemwita Nado, yuko ndani ya boksi. Beki Adam Masina anamfuata kwa nyuma, wanagusana, Nado anakwenda chini. Refa Boubou Traoré wa Mali akapeta.

Mjadala wa baada ya mechi una adabu zake, na anayezikiuka huonekana mgeni. Anayeanza huwa ndiye mwenye hasira kuliko wote, na mara nyingi ndiye anayejua kidogo kuliko wote. Wanaojua husubiri kikombe cha pili. Usiku ule alianza kijana mmoja wa bodaboda. Alimtukana refa, akawatukana waliokaa kwenye chumba cha VAR, akamtukana fundi aliyevumbua VAR yenyewe. Alipotua kuvuta pumzi, jirani yake akamuuliza taratibu: "Kwani wewe mkeka wako si ulikuwa na Morocco anashinda?" Ni kweli. Mkeka wa timu tano, na Morocco ilikuwa mojawapo, na mkeka bado ulikuwa hai. Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Yeye hakucheka. "Mkeka ni mkeka," akasema, "nchi ni nchi." Sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi hali ya shabiki wa Tanzania wa miaka hii: mfuko umeweka upande mmoja, moyo upande mwingine, na vyote viwili vinamuuma mtu yuleyule.

Baada ya refa ikaja zamu ya kocha, na kwa kocha ndipo Simba na Yanga walipoingia, maana hakuna mjadala wa Stars usiofikishwa Msimbazi au Jangwani. Miguel Gamondi, Muargentina aliyepewa timu kwa muda Novemba 2025, aliwahi kuifundisha Yanga. Basi shabiki mmoja wa Simba akasimama, akaeleza kwa nusu saa nzima kwamba mabadiliko yalichelewa, kwamba mtu aliyefukuzwa Jangwani hawezi kuaminiwa na taifa. Akajibiwa na mzee mmoja fundi cherehani, Yanga wa damu, kwa sentensi moja: "Aliyemfukuzisha ni nani, kama si nyie watu wa Tabora?" Hapo tena kicheko, maana alikuwa amegusa kitu tunachojivunia. Novemba 2024 Tabora United, timu ya mkoa wetu, iliifunga Yanga 3–1 kulekule Dar es Salaam, na siku chache baadaye Gamondi akaonyeshwa mlango. Mwaka mmoja mbele, mtu yuleyule anatuvusha makundi ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mpira una ukoo wa ajabu. Unaweza kumtoa mtu nyumbani kwako, kisha ukamkuta ndiye mshenga wako.

Likaja suala la nani angeanza, nani angekaa benchi. Likaja suala la Fei Toto, la Msuva na umri wake, la kwa nini tulirudi nyuma baada ya mapumziko. Kila hoja ilizunguka, ikatembea kidogo, kisha ikarudi nyumbani kwenye penalti. Mtu akisema "hatukumalizia nafasi zetu," anajibiwa: "Na ile penalti?" Akisema "kiungo kilizidiwa," anajibiwa: "Sawa, lakini ile penalti je?" Ilikuwa kama kuti la mnazi kwenye mkondo wa maji: lipeleke unakotaka, litarudi palepale.

Ndipo mama wa chai, aliyekuwa akipanga vikombe kimya muda wote huo, akauliza: "Wanangu, samahani. Huko mlikokwenda, mlimfunga nani?"

Tukadhani hakuelewa. Kijana mmoja akamweleza kwa heshima kwamba, mama, tulikuwa kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Tulifungwa na Nigeria 2–1, bao letu akalifunga Charles M'Mombwa, yule aliyekulia Australia. Tukatoka 1–1 na Uganda kwa penalti ya Simon Msuva, wakasawazisha dakika ya 80. Tukatoka 1–1 na Tunisia kwa bao la Feisal Salum, huyo Fei Toto. Pointi mbili. Zikatosha kupita kama mmoja wa washindi wa tatu waliofanya vizuri.

"Ahaa," mama akasema. "Kwa hiyo hamkumfunga mtu."

Sijui kama alikusudia kuuma. Nadhani alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anavyouliza bei ya vitunguu. Lakini mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alikuwa bado hajasema neno, aliweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Lagos 1980: tatu. Misri 2019: tatu. Côte d'Ivoire, Januari 2024: tatu. Morocco sasa: nne. Vidole vikaisha, akaazima vya jirani. Mechi kumi na tatu katika fainali nne za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kufungwa mara nane. Sare tano. Kushinda, hakuna.

"Na CHAN?" mtu akajitetea. "Juzi tu hapa tuliongoza kundi!" Ni kweli, na nitaifikia. Lakini mwalimu alitikisa kichwa: CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani, kombe jingine, hesabu nyingine. Tukanywa chai. Kwa dakika kama mbili hivi, hakuna aliyetaja penalti.

Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiria zile dakika mbili, na kila mara zinanirudisha kwa wapagazi wa zamani.

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, ilikatiza kusini kwetu. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa njia ile, na wapagazi kweli, si watumwa wa safari kama vitabu vingine vinavyopenda kuonyesha: walipatana ujira, waligoma, waliondoka walipopunjwa. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857 akiwa na mwenzake wa safari, Speke, aliandika kwa manung'uniko mengi kuhusu tabia zao, na mojawapo ya vitu vilivyomchosha ni kelele za alfajiri. Kila siku kabla ya msafara kuondoka palikuwa na ugomvi wa mizigo. Kulikuwa na marobota ya vitambaa, mifuko ya shanga, nyaya za shaba, na kila mtu alikimbilia ule anaodhani ni mwepesi. Wakavutana, wakatukanana, wakapimiana kwa macho. Mzungu akaona fujo. Ila kelele zikiisha, mizigo yote ilikuwa imeshapanda mabegani, na kirangozi, kiongozi wa msafara, alikuwa ameshatangulia.

Mjadala wetu wa nje ya banda ni alfajiri ile. Kufungwa ni shehena, na lazima ibebwe na mtu kurudi nayo nyumbani. Tunaigawa kwa kelele. Mmoja anachukua kocha, mwingine anachukua mshambuliaji, wa tatu anachukua uteuzi wa wachezaji, na kila mmoja anakwenda kulala na robota lake. Usiku ule wa Januari palikuwa na robota moja jepesi kuliko yote, na tukaligombea sote mia na kitu tuliokuwa pale: penalti. Nani asingeitaka? Penalti haina lawama kwa mtu wetu yeyote. Robota lake limefungwa na mtu wa Mali, ndani ya uwanja wa Morocco, mbele ya mitambo ambayo hakuna aliyeigusa. Unaweza kuibeba kutoka Ziba hadi Nkinga bila jasho kukutoka.

Ile hesabu ya mwalimu ilikuwa pembe ya ndovu. Katika misafara pembe nzito haikugombewa. Iliachiwa wenye nguvu, nao waliibeba kwa majivuno, wakaifungia kengele nchani ili njia nzima ijue inapita. Sisi bado hatujampata wa kuibeba yetu. Ilikaa pale chini kati ya vikombe kwa dakika mbili, tukaizunguka, kisha mtu akasema, "Lakini jamani, ile penalti..." Tukashukuru.

Hata hivyo siwezi kuacha jambo hili kana kwamba sisi ni waoga tu. Ukiifuatilia historia ya Stars kwa malalamiko yake badala ya mabao yake, unakuta kitu kinachokwenda mbele.

Mwaka 1980 tulikwenda Lagos kwa bao la Peter Tino, lile la sare ya 1–1 na Zambia kule Ndola mwaka 1979. Tulifungwa na Nigeria 3–1, tukafungwa na Misri 2–1, tukatoka 1–1 na Côte d'Ivoire. Wazee wa huku walisikiliza kwenye redio, Radio Tanzania, kwa betri zilizoanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya dakika tisini, na nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani Uganda, sukari yenyewe ya kutafutwa. Lalamiko la mwaka ule, kama ninavyolisikia kwa waliokuwapo, lilikuwa jepesi mno: sisi ni wageni. Mgeni halaumiwi. Nigeria ndio waliochukua kombe, hivyo hata kufungwa nao kulikuwa na heshima yake.

Ugeni huo ukadumu miaka 39. Mzee Ali Hassan Mwinyi ndiye anayekumbukwa kwa kuifananisha timu ya taifa na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayejifunza kunyoa hukijaribia wembe. Maneno yale yaliishi kuliko vikosi vilivyoyasababisha. Huku kwetu yana ladha ya ziada kidogo, kwa sababu uwanja mkubwa wa mkoa, pale Tabora mjini, unaitwa Ali Hassan Mwinyi, na ndiko Tabora United walikokuwa wakiwanyoa wageni wao.

Misri 2019 hatukuwa wageni tena, ila tulikuwa watoto. Senegal 2–0, Algeria 3–0, na hao ndio waliokutana fainali. Ile ya Kenya ndiyo iliyouma: tuliongoza mara mbili, kwa Msuva na kwa Mbwana Samatta, tukafungwa 3–2. Lalamiko likahamia kwa kocha, Emmanuel Amunike, na uteuzi wake. Ni lalamiko la mtu anayeamini kwamba nchi ina wachezaji wa kushinda, ila hawakuitwa. Hatua moja mbele.

Januari 2024, Côte d'Ivoire. Morocco wakatupiga 3–0 San Pedro. Kocha Adel Amrouche akafungiwa kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco na nguvu zao katika soka la Afrika, na timu ikachukuliwa na Hemed Suleiman, ambaye, kwa kejeli ambayo hata mtunzi wa vichekesho asingethubutu, jina lake la utani ni Morocco. Mechi iliyofuata Zambia walibaki kumi kabla ya mapumziko, Msuva alikuwa ameshafunga, tukaihesabu ile mechi kuwa yetu. Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Lalamiko la mwaka ule lilikuwa la dakika mbili. Kutoka miaka 39 hadi dakika mbili! Nani atasema hatukukua?

Agosti 2025, CHAN nyumbani. Burkina Faso 2–0, Mauritania 1–0 kwa bao la Shomari Kapombe mechi inaelekea ukingoni, Madagascar 2–1 kwa mabao mawili ya Clement Mzize, Afrika ya Kati 0–0. Pointi kumi, kileleni. Ziba ilikuwa imeshapanga nusu fainali. Robo fainali tarehe 22, Uwanja wa Benjamin Mkapa: Morocco 1, Tanzania 0. Oussama Lamlioui, dakika ya 65. Miezi minne na nusu baadaye, Díaz, dakika ya 64. Nchi ileile, matokeo yaleyale, na dakika zimepishana kwa moja. Fundi cherehani ameshatangaza kwamba tukikutana nao tena, ikifika dakika ya 60 yeye atatoka kwenda kujisaidia na asiitwe hadi ya 70.

Na sasa lalamiko ni penalti moja, katika dakika za nyongeza, ugenini, dhidi ya timu ya 11 duniani. Watu walioanza kwa kusema "sisi ni wageni tu" leo wanasema "tumenyimwa haki yetu". Huwezi kunyimwa haki mahali usipokuwa na haki. Ili mtu akuibie, kwanza lazima uwe na kitu. Katika maana hiyo lile robota jepesi la penalti lilikuwa zito kuliko marobota yote tuliyowahi kubeba, na pengine ndiyo maana tuliligombea kwa furaha ya ajabu, macho yanang'aa, kama watu waliopata urithi. Sikuwaona walioshindwa usiku ule. Niliwaona watu wanaodai.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wa redioni, ambao kwa wiki nzima walituambia kwamba tumetoka "kichwa juu". Kutoka kichwa juu ni lugha ya kumfariji mtoto. Timu iliyoingia 16 bora bila kumfunga mtu ina deni, na deni halipungui kwa kutembea umeinua kichwa. Mwaka 2013, tarehe 24 Machi, hao hao Morocco walikuja Dar es Salaam wakafungwa 3–1, Thomas Ulimwengu moja, Mbwana Samatta mawili. Sisi tunaikumbuka mechi ile kama hirizi. Tunaitoa mfukoni kila tunapofungwa nao. Wao walirudi kwao wakafanya kazi, na mwaka 2022 wakacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Asubuhi ya Jumatatu nilipita tena pale. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama wa chai, naye akaitikia, akanimiminia bila kuniuliza. Majembe yalikuwa yameshaondoka, yako majarubani. Kijana wa bodaboda alikuwa anasubiri abiria, na mkeka, alisema, ulichanika usiku uleule kwenye mechi iliyofuata, kwa hiyo sasa hana cha Morocco wala cha Tanzania. Kwenye ubao wa mwenye banda jina letu lilikuwa limeshafutwa kwa kiganja, likabaki vumbi la chaki lenye umbo la herufi.

Mwalimu mstaafu alikuwapo, na safari hii alikuwa na la kusema. Aliwahi kusimamia michezo katika shule moja ya msingi kwa miaka mingi, enzi za UMITASHUMTA, na alisema kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na zaidi ya mipira miwili inayodunda kwa wakati mmoja. Watoto sitini, mpira mmoja. "Hesabu mwenyewe," akaniambia, "kila mtoto anaugusa mara ngapi kwa saa moja. Kisha mkiwa bandani mnashangaa mtu anafika golini peke yake anapaisha." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetoa kipimo cha mbegu kwa ekari. Niliona kuwa hiyo ndiyo pembe yenyewe, na kwamba mzee wa watu amekuwa akiibeba peke yake miaka yote, bila kengele.

Nilimuuliza kwa nini basi hakuyasema hayo usiku, mbele ya watu wote. Akacheka. "Usiku ule? Na mimi nilikuwa nalia penalti."

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja kwetu, Tanzania pamoja na Kenya na Uganda. Mwenye banda anazungumzia kuongeza benchi na kutoboa dirisha la pili. Mama wa chai anazungumzia jiko kubwa zaidi. Fundi cherehani anazungumzia jezi, kwamba ataanza kushona mapema. Mwalimu ameomba kila anayekuja kutazama mechi alete, pamoja na buku yake ya kiingilio, shilingi mia mbili za mpira wa watoto, na hadi ninapoandika haya ndoo aliyoiweka mlangoni ina noti moja ya elfu mbili, sarafu kadhaa, na kifungo cha shati.

Nimeitazama ile picha ya Nado mara nyingi kwenye simu, mbele na nyuma, polepole hadi mpira unasimama hewani. Nimejitahidi kuiona kama refa alivyoiona. Nimejiambia yote niliyoyaandika hapa kuhusu mizigo na wapagazi na mechi kumi na tatu.

Ilikuwa penalti.